Mfereji wa Mtaa Ukikauka, Nani Aulizwe?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Mombasa zinahusu maji, vyoo na usafi katika mitaa ya watu wa kipato kidogo. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa swali lake limo pia ndani ya hizo nyingine tatu.

Assalaam aleikum. Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanane wa Ziwa la Ng'ombe. Miaka mitatu iliyopita wafadhili walitujengea kioski cha maji, kikafunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mwaka wa kwanza tulichota kwa shilingi 5 mtungi. Mwaka wa pili mfereji ukaibwa, mita ikasimama, bili ikalimbikizana, maji yakakatwa. Sasa twanunua kwa mikokoteni shilingi 20 mtungi, na maji yakiadimika ni 30. Wamekuja watu wengine wanaotaka kutusaidia tukifungue tena, nasi twaogopa yasije yakajirudia yale yale. Tufanyeje?
*Mwenyekiti wa kikundi, Ziwa la Ng'ombe*

Waaleikum salaam, mama zetu. Hofu yenu ni ya haki, na ningependa muieleze wazi mbele ya hao wageni kabla hawajaleta hata mfuko mmoja wa saruji. Kioski chenu hakikufa kwa kukosa bomba. Kilikufa kwa sababu siku mfereji ulipoibwa hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kununua mwingine, wala hapakuwa na fedha zilizowekwa kwa ajili hiyo.

Hebu tupige hesabu kwa bei mlizozitaja. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, inahitaji mitungi sita ya lita 20. Kwa bei ya kioski hiyo ni shilingi 30 kwa siku, yaani 900 kwa mwezi. Kwa bei ya mkokoteni ni 120 kwa siku, yaani 3,600 kwa mwezi. Na lita 20 ni kiwango cha chini mno, maana Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie bila kuhatarisha afya. Mtu wa Ziwa la Ng'ombe analipia lita moja ya maji mara nyingi zaidi kuliko mwenye mfereji jikoni kwake, naye ndiye mwenye kipato kidogo. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba watu wa mitaa yenu hawana uwezo wa kulipia maji. Wanalipa kila siku, tena bei kubwa, ila hakuna hata senti moja ya fedha hizo inayorudi kutengeneza bomba.

Sasa tuseme kioski kinauza mitungi 100 kwa siku. Mkitenga shilingi moja katika kila mtungi kwa ajili ya matengenezo tu, mtakuwa na 3,000 kwa mwezi na 36,000 kwa mwaka. Fedha hizo zinatosha kununua mifereji, kumlipa fundi na kuziba bomba linalovuja, ilimradi zikae kwenye akaunti yenye watia saini watatu na zisiguswe hata kwa msiba. Najua neno hilo la mwisho ni gumu, kwani katika mitaa yetu mfuko wa kikundi ndio unaokimbiliwa mtu anapofiwa. Basi wekeni mfuko wa pili wa mambo hayo, hata kama ni mdogo, ili ule wa maji usionekane kuwa wa watu wasio na huruma.

Jambo ambalo wafadhili wengi hulisahau ni saa za maji. Mombasa haina mto wake. Maji yake yanatoka mbali: kwenye chemchemi ya Mzima iliyoko Tsavo Magharibi, ambayo bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilijengwa katika miaka ya 1950, kwenye visima vya Baricho kandokando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, kwenye chemchemi ya Marere katika milima ya Shimba, na kwenye visima vya Tiwi. Maji ya Mzima na ya Marere hushuka kwa mteremko, lakini ya Baricho husukumwa kwa umeme, kwa hiyo umeme ukikatika ninyi wa upande wa kaskazini mwa jiji ndio mnaokaukiwa. Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale limekusudiwa kupunguza upungufu huu, ila msijenge kioski kwa kutegemea maji ambayo hayajafika. Ombeni tangi. Tangi la lita 10,000 ni mitungi 500, yaani siku tano za mauzo kwa kipimo tulichokitumia hapo juu. Kioski kisicho na tangi kina faida kwa wenye mikokoteni peke yao, kwa sababu wao ndio wenye mapipa ya kuwekea.

Deni la zamani nalo lisifichwe. Nendeni kwenye kampuni ya maji na barua ya kikundi, muulize ni kiasi gani, ni la nani kisheria, na kama linaweza kulipwa kidogo kidogo. Mkataba mpya uandikwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, usiandikwe kwa jina la mtu mmoja wala la mfadhili. Bei ya mtungi ibandikwe ukutani, nayo isipite ile iliyoidhinishwa na Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, ambayo ndiyo inayopitisha bei za kampuni za maji nchini.

Liko jambo nililoliona kwa macho yangu ambalo ningependa mlichukue kama lilivyo. Nilipata kukaa asubuhi nzima kwenye kioski kimoja kinachoendeshwa vizuri. Muuzaji alikuwa na daftari la shule, kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Kabla ya mtungi wa kwanza aliandika namba ya mita. Jioni akaandika tena, akatoa ile ya asubuhi, akalinganisha na fedha zilizokuwa kwenye kopo. Alinionyesha ukurasa ambapo kwa siku nne mfululizo mita ilisema mitungi kumi na miwili zaidi ya ile iliyolipiwa. Wenzake hawakumshuku wizi, kwa kuwa daftari lilikuwa wazi na kila mmoja wao aliweza kulisoma. Wakachimba, wakakuta bomba limetoboka chini ya ukuta. Kama wangesubiri bili ya mwisho wa mwezi, wangekuwa wamelipia lita 240 kila siku zinazoingia mchangani. Ripoti za Bodi zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba asilimia 40 na zaidi ya maji yanayozalishwa na kampuni za nchi hii hupotea au hayalipiwi. Mwenye daftari yule hakuwa na elimu ya uhandisi, lakini tundu lake aliligundua ndani ya siku nne.

Mlipeni muuzaji kwa kila mtungi anaouza, asilipwe mshahara usiobadilika, na aanze kazi mapema. Takwimu za kimataifa huhesabu kwamba mtu anapata huduma ya msingi ikiwa kwenda, kupanga foleni na kurudi kunachukua dakika zisizozidi 30. Kioski kinachofunguliwa saa tatu asubuhi, watoto wakiwa wameshaenda shule na akina mama wameshatoka kwenda kazini, kipo kwenye ramani tu.

Mimi ni mzee wa miaka 64. Nina nyumba ya vyumba sita Likoni, nimepangisha. Nyumba ni yangu, ardhi si yangu. Namlipa mwenye ardhi kodi kama alivyolipa marehemu baba yangu. Niliomba kuunganishiwa maji nikaambiwa nilete hati ya ardhi. Je, wapangaji wangu hawana haki ya maji?
*Mzee, Likoni*

Shikamoo, mzee wetu. Haki wanayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, pamoja na haki ya kiwango kinachofaa cha usafi wa mazingira. Haisemi kila mwenye hati. Lakini haki iliyo kwenye Katiba haifiki kwenye ndoo bila mpango, na huu mtindo wa nyumba bila ardhi, ambao sisi watu wa Pwani tumeishi nao kwa vizazi na ambao wengi wanaotunga sera za maji hawaujui, ndio unaokwamisha maelfu ya wapangaji.

Usibishane na karani wa dirishani. Andika barua ukiomba uelezwe kwa maandishi ni nyaraka gani zinaweza kukubaliwa badala ya hati. Ambatanisha risiti zako za kodi ya ardhi, barua ya chifu, na ikiwezekana idhini ya mwenye ardhi inayosema waziwazi kwamba kuunganishiwa maji hakukupi umiliki wowote. Mara nyingi mwenye ardhi hukataa kwa kuogopa hilo tu, na sentensi moja humtuliza.

Ikishindikana peke yako, ungana na majirani. Kisumu, katika mtaa wa Nyalenda, kampuni ya maji ilianza miaka ya 2000 kuuza maji kwa jumla kupitia mita kubwa moja, kisha kikundi cha mtaa kikayasambaza kwa mabomba madogo hadi majumbani, kikasoma mita za wateja wake na kukusanya malipo. Mpango huo unafaa mahali penye utata wa ardhi, kwa sababu mkataba ni kati ya kampuni na kikundi. Na mzee wangu, niwie radhi kwa hili: maji yakifika, usipandishe kodi ya vyumba mwezi huo huo. Nimeona nyumba ambazo mfereji uliingia na wapangaji maskini wakatoka.

Tuna kisima uani hapa Chaani, hatua kama kumi na mbili kutoka choo cha shimo. Maji yake ni meupe, yana chumvi kidogo. Twafulia na kuoshea vyombo, na maji ya mfereji yakikosekana twanywa. Nina mtoto wa miezi minne. Naambiwa chumvi huua vijidudu. Ni kweli?
*Mama wa watoto watatu, Chaani*

Si kweli, dada yangu. Chumvi ya kisima chako haiwezi kuua vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo wala kuhara damu. Vimelea vya kipindupindu, kwa hakika, huishi vizuri katika maji yenye chumvi kidogo.

Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba kisima na choo viachane kwa mita 30 au zaidi, nawe una hatua kumi na mbili. Tena kanuni hiyo inafikiria udongo wa kawaida unaochuja, ilhali sehemu kubwa ya ardhi ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na vijitundu, ambamo maji machafu hupita bila kuchujwa. Weupe wa maji hauthibitishi chochote.

Yatumie ya kisima kwa kufulia na kumwagia choo. Ya kunywa na ya kuoshea vyombo yachemshe mpaka yatokote, au yatie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uyaache dakika 30. Yakibaki na harufu hafifu ya dawa usiyamwage, kwani hiyo ndiyo ishara kwamba bado yanajilinda. Kisha yaweke kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko. Ukitumia pipa na kata ya kifuu, kila mkono unaoshika kata hurudisha uchafu uliokwisha kuuondoa. Kumbuka pia kwamba kuchemsha na klorini haviondoi chumvi wala naitreti, kemikali inayotoka vyooni, ambayo ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Mwanao wa miezi minne anyonye tu, asipewe maji kabisa mpaka atimize miezi sita. Na sabuni iwe mlangoni mwa choo, isikae chumbani, maana mwenye kutoka chooni usiku hatapita vyumba viwili kuitafuta.

Tuko vijana sita wa mtaa wa Bangladesh, Jomvu. Twazoa vyoo usiku kwa ndoo kwa kuwa gari la kunyonya haliwezi kupita vichochoroni. Hatuna pa kumwaga, wengine humwaga kwenye mikoko. Watu hutukimbia. Twataka kufanya kazi hii kihalali.
*Kijana, Jomvu*

Kaka zangu, kazi yenu inazuia maradhi ya mtaa mzima, nami nawashukuru. Mabomba ya maji taka yanafika sehemu ndogo tu ya Mombasa, kwa hiyo mashimo yatakuwa nasi kwa muda mrefu, na lazima awepo wa kuyazoa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Kazi Duniani, Benki ya Dunia na WaterAid, shirika la misaada ya maji na usafi, walitoa ripoti ya pamoja kuhusu afya, usalama na heshima ya wafanyakazi kama ninyi. Mnapokwenda ofisini itajeni.

Kile mnachomwaga kwenye mikoko kinarudi kwenye kaa na samaki mnaowala. Jisajilini kama kikundi, mwone afisa wa afya wa wadi, muombe mahali palipoidhinishwa penye tangi lililofunikwa ambapo gari linaweza kufika, kunyonya na kupeleka kwenye mtambo wa kusafisha. Dar es Salaam kuna vikundi vilivyoacha ndoo vikatumia pampu ya mkono inayobebeka vichochoroni. Ulizieni fundi wa kuchomelea vyuma kama anaweza kuitengeneza. Pateni chanjo ya pepopunda na muulize zahanati kuhusu ya homa ya ini, mvae buti na glavu ndefu.

Shimoni msiingie, hata kwa dakika moja, hata ndoo ikianguka. Hewa ya mle huangusha mtu kabla hajanusa lolote, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Mkishapata jibu la afisa wa afya tuandikieni, mtwambie amewapa siku gani ya gari.