Maswali Yenu: Saa Janja au Saa ya Mishale?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za saa za mkononi. Bei hatukuziandika, kwa sababu bei ya Kikuubo, soko la jumla la Kampala, si bei ya Arua, na hata huko Kikuubo bei ya asubuhi si ya jioni.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa Arua. Wenzangu wamenunua saa janja na wananicheka na saa yangu ya mishale. Je, nami nibadilishe? – Muuguzi, Arua

JIBU: Dada, waache wacheke. Saa janja hupima mapigo ya aliyeivaa, na mgonjwa wako hajaivaa. Wewe unahitaji kuhesabu, na kwa kuhesabu hakuna kinachoshinda mshale wa sekunde unaotembea bila kuzimika. Skrini nyingi za saa janja hujizima baada ya sekunde chache ili kuokoa chaji. Uiamshe kwa kuzungusha kifundo cha mkono, huku mkono huohuo umeshika mtoto anayelia? Na kioo cha kugusa hakipendi glavu wala vidole vyenye maji.

Kwa pumzi za mtoto, hesabu dakika nzima. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio: huharakisha, husita, kisha huendelea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unahesabu pumzi kuwa za haraka zikifika 50 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha kwa mbili, pumzi mbili ulizokosea zinakuwa nne, na hizo nne zinatosha kumhamishia mtoto kwenye kundi lisilo lake.

Chagua uso mweupe, namba nyeusi, na mshale wa sekunde wenye rangi yake pekee, mrefu kiasi cha kufikia vistari vya pembeni. Mkanda wa ngozi au kitambaa usiupeleke wodini, kwani hunyonya jasho na damu na hautakasiki. Bora zaidi ni saa ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini, maana mikono utaiosha mpaka kwenye viwiko bila kuvua kitu.

SWALI: Nimenunua saa janja kwenye mkeka wa barabarani. Muuzaji alisema inapima presha, oksijeni na sukari. Mama yangu ana kisukari, nataka kumpa. – Kijana, Kampala

JIBU: Kwa ajili ya sukari, usimpe. Hakuna saa inayoweza kujua sukari ya damu kwa kukaa juu ya ngozi tu. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo juu ya saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, na haikuwa imeidhinisha hata moja. Hatari yake ni hii: saa ikisema sukari iko juu na mama akaongeza insulini, sukari yake halisi itashuka hadi azimie. Mama aendelee na kipimo cha tone la damu.

Presha nako pana ujanja mwingi. Saa nyingi za mkekani zina taa ya kijani tu, na namba ya presha hubuniwa na programu. Samsung, wenye kipimo cha kweli kwenye baadhi ya saa zao, hukutaka uilinganishe saa na mashine ya mkanda wa mkononi kila baada ya siku 28. Huawei wana saa ambayo mkanda wake hujaa hewa na kubana, kama mashine ya kliniki. Saa isiyobana, na isiyoomba kulinganishwa na chochote, hiyo presha inaitoa wapi?

Mapigo ya moyo yanaweza kuwa ya kweli. Jipime hivi. Kaa kimya dakika tano, weka vidole viwili kwenye mshipa chini ya kidole gumba, hesabu sekunde 60, kisha tazama saa. Tofauti ya mapigo matatu au manne si neno. Halafu panda ngazi za ghorofa tatu kwa haraka na uhesabu tena palepale. Saa ya kweli itachelewa kidogo, kisha itapanda nawe. Ya bandia itabaki kwenye 75 au 80 kana kwamba umelala. Kuna wanaoifunga saa kwenye ndizi na kucheka ikitoa namba. Kipimo hicho hakithibitishi chochote, kwa sababu hata saa nzuri hudanganyika mwanga wake ukirudishwa na kitu kisicho mkono.

Kumbuka pia kwamba melanini hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi kihisi hupata mwanga mchache wa kusoma. Ivae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo, iwe imekaza bila kuacha alama. Ikichezacheza, inasoma mtikiso wa mkono badala ya damu.

Na siku ukienda kununua ya kweli, tazama simu yako kwanza. Apple Watch inahitaji iPhone. Galaxy Watch 4 na zilizofuata hazifanyi kazi na iPhone. Tunapata barua nyingi za watu waliogundua hilo wakiwa wameshafika nyumbani.

SWALI: Kijijini kwetu hakuna umeme wa gridi, tuna sola ndogo ya taa na simu. Nataka saa moja itakayonitosha. – Mwalimu, Kotido

JIBU: Mwalimu, saa janja zina tabaka mbili. Zile kubwa zenye programu kamili hudumu siku moja au mbili. Apple Watch za kawaida zilizotoka kabla ya 2025 zilitangazwa kwa saa 18. Bangili za mazoezi na saa janja nyepesi hufika wiki moja hadi mbili. Hizo za pili sola yako itaziweza, lakini usiichajie saa pale juani kando ya paneli. Joto huizeesha betri ya lithiamu kuliko kitu kingine chochote, na Apple wenyewe hutaka saa ichajiwe pasipozidi nyuzi 35. Ichajie ndani, kivulini. Pini za chaja zifute jasho kwanza, kwani chumvi na umeme vikikutana shaba huota kutu ya kijani.

Jambo ambalo tangazo halisemi ni mwaka wa tatu. Betri itakuwa imechoka, mwili wa saa umegandishwa kwa gundi, na fundi atakayeifungua bila kuharibu kioo utamtafuta sana. Akiweza, kinga ya maji mara nyingi haitarudi ilivyokuwa.

Kwa mazingira yako sisi tungekutuma kwa Casio F-91W. Imeuzwa tangu 1989, ina gramu 21, betri yake ni CR2016 na hudumu karibu miaka 7, na haipotei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Bandia ni nyingi, kwa hiyo dukani bonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu. Halisi huandika jina la kampuni kwenye skrini. Bandia chache zimejifunza hilo pia, basi tazama na ubora wa maandishi ya nyuma.

Kubadilisha betri unaweza mwenyewe. Fungua skrubu nne za nyuma kwa bisibisi ndogo, inua mfuniko bila kuivuta ringi ya mpira, achia kibanio cha chuma, weka betri mpya huku alama ya kujumlisha ikikutazama. Kisha chukua kibano cha chuma, gusisha sehemu iliyoandikwa AC na uso wa betri kwa sekunde mbili. Ukiiruka hatua hii, skrini inaweza kubaki tupu au kuonyesha namba za ovyo, nawe utadhani umeiua.

Ukipendelea ya mishale, mwambie fundi akuwekee betri ya oksidi ya fedha, mfano SR626SW, volti 1.55. Wengi huweka AG4 ya alkali kwa kuwa inaingia mlemle na ni rahisi. Hiyo hupoteza volti polepole, saa ikaanza kuchelewa, na mwisho huvuja na kula mashine. Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili kwa mpigo, saa nyingi za betri zinakuambia chaji inakwisha. Usingoje isimame.

SWALI: Naendesha boda. Saa yangu imeandikwa mita 30, lakini mvua ya juzi imeingiza ukungu chini ya kioo. – Mwendesha boda, Gulu

JIBU: Ndugu, mita 30 haina maana kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Ni shinikizo la maji yaliyotulia kwenye maabara, saa ikiwa mpya. Kwa maisha ya kawaida, 30 ni kunawa na manyunyu, 50 ni kuogelea kidogo, 100 ni kuogelea bila wasiwasi. Kupiga mbizi ni 200, tena yenye alama ya ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kupigia mbizi.

Hata hivyo mvua peke yake haikupaswa kuishinda saa ya mita 30. Tunashuku ringi ya mpira. Betri ilibadilishwa lini, na wapi? Fundi akifunga mfuniko ringi ikiwa imebanwa upande, au kavu bila grisi ya silikoni, maji yanapata mlango. Kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa kikibaki nje hata kidogo, mlango ni huohuo.

Sasa hivi usiiweke juani wala karibu na jiko. Joto huusukuma unyevu ndani zaidi ya mashine. Mchele hausaidii sana na huacha vumbi la wanga. Tafuta vifuko vya silika jeli, vile vya kwenye maboksi ya viatu vipya, vitano au sita. Vuta kifundo cha pembeni, weka saa na vifuko kwenye kopo linalofunga kabisa, ngoja siku mbili. Kisha rudisha kifundo na ujaribu: ishike saa kwenye kiganja mpaka ipate joto, dondosha tone la maji baridi katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukibaki chini ya pale palipokuwa na tone, ndani kungali na unyevu na saa ifunguliwe na fundi. Ukiona doa la kutu kwenye mishale, usisubiri hata hizo siku mbili.

Ukinunua nyingine, chukua ya kidijitali ya plastiki ngumu yenye mita 200. G-Shock za msingi za Casio zimetengenezwa kwa mishtuko ya aina ya barabara zako. Saa janja kwenye usukani hatuipendi. Ujumbe ukitetemesha mkono, jicho litafuata, na abiria yuko nyuma.

SWALI: Nina kwanjula, sherehe ya kutambulishwa kwa wakwe, mwezi ujao. Kanzu na koti, saa gani? – Bwana harusi mtarajiwa, Masaka

JIBU: Ya mishale, nyembamba, isizidi milimita 10 kwa unene, la sivyo mkono wa koti utakwama juu yake. Mwili wa saa usivuke upana wa kifundo cha mkono wako. Kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 16 au 17, kipenyo cha milimita 36 hadi 40 kinatosha. Mkanda wa ngozi ufanane na viatu. Kama huna ila saa janja, zima ile hali ya skrini kuwaka ukiinua mkono, na arifa zote. Wakwe wasione namba za WhatsApp zikiwaka wakati unasalimia.

SWALI: Shemeji amenitumia saa ya Casio kutoka Ujerumani, ya kujirekebisha kwa redio. Hapa iko nyuma kwa saa mbili, nikiirekebisha naogopa kuiharibu. – Mfanyabiashara, Mbale

JIBU: Si mbovu. Inasubiri mawimbi ya kituo cha DCF77 kilichoko Mainflingen, karibu na Frankfurt. Mawimbi hayo hufika kama kilomita 2,000, na sisi tuko karibu 6,000. Uganda haina kituo cha namna hiyo, kwa hiyo saa imebaki na saa za Berlin: nyuma kwa saa mbili majira yao ya baridi, saa moja majira ya joto.

Kwenye modeli nyingi za vitufe vinne, shikilia kitufe cha juu kushoto mpaka jina la mji limemete. Kwa kitufe cha chini kulia tembeza hadi JED, yaani Jeddah, ambako saa ni sawa na zetu. Chini kushoto hukupeleka hatua inayofuata. Hapo zima DST, yaani saa za majira ya joto, maana Uganda haibadilishi saa kwa majira. Zima pia kupokea mawimbi usiku, kunakula chaji bure. Baada ya hapo ni saa ya betri ya kawaida. Ilinganishe na simu mara moja kwa mwezi, inaweza kupotea sekunde kama 15.

SWALI: Seiko 5 ya marehemu baba imeanza kukimbia, dakika tano kwa siku. – Mzee, Jinja

JIBU: Pole, mzee wetu. Saa ya namna hiyo, inayoendeshwa na springi bila betri, kukosea sekunde 20 au 30 kwa siku ni kawaida, lakini dakika tano ni ugonjwa, na mara nyingi ni sumaku. Springi yake nyembamba ikishika sumaku, mizunguko hugandana, inakuwa fupi, saa ikaharakisha. Je, hulazwa juu ya spika, au kwenye kifuniko cha simu chenye sumaku? Isogeze taratibu karibu na kompasi. Sindano ikiyumba kwa nguvu, umepata jibu. Fundi mwenye kifaa cha kuondolea sumaku huimaliza kwa dakika moja bila kuifungua. Sindano ikitulia, basi springi imechafuka kwa mafuta au saa ilianguka, na hapo lazima ifunguliwe, isafishwe na itiwe mafuta mapya. Mwambie fundi asiing'arishe mwili wake.