Maswali na Majibu: Kahawa Iliyoanikwa na Tunda Lake

Tangu nilipoisifu hapa kahawa asilia ya mkulima mdogo mmoja wa Mbozi, maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua machache, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo. Paketi niliyonunua imeandikwa «kahawa asilia». Je, ina maana kwamba haikupigwa dawa wala kuwekewa mbolea ya dukani? (Msomaji, Iringa Mjini)

Marahaba. Hapana, na wote mnaoniuliza hivi kila mwezi mnisome leo kwa makini. Neno «asilia» hapa linaeleza jinsi kahawa ilivyokaushwa, si jinsi ilivyolimwa. Tunda bivu huanikwa zima, pamoja na ganda lake na ulenda wake, mpaka likauke kabisa, ndipo likobolewe. Kahawa nyingine nyingi za arabika za Mbozi na Mbinga humenywa siku ileile zilipochumwa, zikavundikwa, zikaoshwa na kuanikwa zikiwa zimebaki na ganda gumu la ndani tu. Mkulima wa kahawa asilia anaweza kuwa amepiga dawa ya magonjwa ya mbuni, kutu ya majani na chulebuni, kama jirani yake, na sioni kosa lolote katika hilo. Anayetaka kahawa isiyo na dawa za viwandani atafute paketi yenye cheti cha kilimo hai, naye muuzaji anayenyamaza kwa makusudi ili mteja achanganye mambo hayo mawili ajue kwamba anadanganya.

Kikombe kilinukia ndizi mbivu, na kwa mbali mvinyo. Kiwandani wameongeza manukato? (Msomaji, Uyole)

Hawakuongeza kitu. Punje ikikaa wiki tatu au nne ndani ya tunda linalochachuka polepole, harufu ya tunda huonekana hadi kikombeni. Ukisikia harufu ya siki kali, ya ukungu au ya gunia bichi, hapo usidanganywe kwamba ndiyo «ladha ya asilia»: kahawa hiyo iliharibikia kwenye kichanja, nawe unayo haki ya kuirudisha.

Nina miche mia sita Rungwe na sina mashine ya kumenya. Nikianika na maganda, si nitakwepa gharama na kupata bei nzuri zaidi? (Mkulima)

Ndugu yangu, utakwepa gharama ya mashine na kuangukia gharama ya jasho. Kuanika tunda zima kunaonekana kama njia ya mkato kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuyafanya masalia ya mwisho wa msimu, yale mabichi na yaliyokaukia mtini, tukayatandaza chini ili yasipotee bure. Kahawa ya namna hiyo ndiyo iliyoipa kahawa ya maganda jina baya, na soko bado linakumbuka.

Kahawa asilia inayostahili jina lake huanza na uchumaji wa matunda mekundu peke yake. Kisha matunda hutumbukizwa majini na yanayoelea hutolewa. Huanikwa kwenye kichanja, kamwe si ardhini wala juu ya lami, kwa tabaka jembamba, na siku za mwanzo hugeuzwa mara nyingi kutwa. Jua kali la mchana hufunikwa, na umande wa usiku pia. Kazi hiyo huendelea wiki tatu au nne, hadi unyevu wa punje ushuke kufikia asilimia 11 hivi, wakati kahawa iliyooshwa mara nyingi hukauka kwa wiki mbili au pungufu. Ukilala siku moja bila kugeuza, ukungu unaingia, na baadhi ya ukungu huo huacha sumu ambayo kukaanga hakuimalizi yote.

Sasa tazama mahali ulipo. Mbozi wana kiangazi kikavu wakati wa mavuno, ilhali Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na hata Juni na Julai ukungu na manyunyu hayakosekani. Bila paa la nailoni juu ya vichanja na bila mnunuzi aliyekwisha kukubali bei, peleka matunda yako mabivu kwenye mtambo wa chama chako cha msingi. Kama unataka kujaribu, jaribu kwa debe mbili, si kwa mavuno yote.

Je, kahawa asilia ina kafeini zaidi? (Wengi)

Hapana, kafeini hutegemea zaidi aina ya mbuni, na robusta inayo karibu mara mbili ya arabika.

Nina mgahawa Mafinga. Naletewa kahawa «ya asili moja, Nyanda za Juu Kusini, daraja AA». Inatosha? (Mama mwenye mgahawa)

Haitoshi, mama. Nyanda za Juu Kusini ni mikoa kadhaa, na Mbozi na Mbinga hazifanani kwa udongo wala kwa kikombe. Mwulize muuzaji kijiji, mwinuko, msimu wa mavuno na jinsi ilivyokaushwa; akishindwa hata kijiji, anakuuzia mchanganyiko. Hiyo AA nayo ni ukubwa wa punje unaopimwa kwa chekeche, wala haisemi lolote kuhusu ladha. Ukitaka kufika kwa mkulima mwenyewe, pitia AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, na uulize kwanza Bodi ya Kahawa kuhusu leseni. Usithubutu kumpa fedha wakati maua yangali mtini. Hayo ndiyo magoma, yaani kununua kwa bei ya chini kahawa ambayo bado haijavunwa, yanayowafilisi wakulima wa Mbinga.

Nimesoma kwamba maji yakichemka yaachwe dakika mbili kabla ya kumimina. Ni kweli? (Msomaji, Mbeya Mjini)

Ushauri huo uliandikwa na watu wa pwani. Mbeya, kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 tu, nazo ndizo zinazohitajika. Mimina mara moja, gramu 15 za kahawa kwa robo lita.

Naweza kuiwekea tangawizi na iliki? (Msomaji, Tukuyu)

Unaweza, lakini tafadhali tumia kahawa ya bei nafuu.