Shamba la kujitolea: anzeni na mwezi wa njaa, mahindi baadaye

Ndugu uliyeuliza kutoka Kyaka II, makazi ya wakimbizi kama yetu hapa Uganda: mwenyeji mmoja amewaazima nusu ekari, vijana na akina mama wako tayari kujitolea, mnataka kulisha wazee na familia zilizotolewa kwenye mgao wa chakula cha msaada, na sasa mnabishana mlime mahindi au maharage. Mimi niko Nakivale, upande wa Base Camp, kwenye kikundi chenye kazi hiyohiyo. Jibu langu litawaudhi wapenda bugali: mahindi yawekeni kando kwanza.

Sababu ni kalenda. Karibu kila mtu hapa hupanda mahindi mvua za Machi zikianza, akavuna Juni au Julai. Nanyi mkifanya hivyo, chakula chenu cha msaada kitaiva wakati uleule ambapo hata bibi asiye na jembe anagawiwa mahindi mabichi na jirani. Njaa yenyewe ilishapita, Aprili na Mei, akiba ikiwa imekwisha, mbegu iko ardhini na posho (unga wa mahindi) dukani haishikiki bei. Oktoba na Novemba inarudi. Andikeni miezi hiyo kwenye karatasi, halafu hesabuni kurudi nyuma: zao gani, likipandwa lini, litakuwa sufuriani mwezi huo?

Kwetu limekuwa kiazi kitamu. Marando (vipande vya shina la kiazi) tunayochomeka Oktoba, ardhi ikiwa imelowa vizuri, yanatupa viazi kuanzia Machi. Ya Aprili na Mei yanatulisha Septemba na Oktoba. Tunachanganya vile vyeupe vyenye unga mwingi na vile vya rangi ya chungwa, Vita na Kabode, aina zilizotolewa Uganda mwaka 2007, ambazo zina vitamini A kwa ajili ya watoto. Wazee wanalalamika kwamba hivyo vya chungwa vina maji. Ni kweli vina maji, basi wazee wapeni vyeupe.

Uzuri wa kiazi ni kwamba mnachimba kidogokidogo, nyumba chache leo, nyingine wiki ijayo. Hamhitaji ghala wala mlinzi, na hakuna hofu ya sumukuvu ya mahindi yaliyofungiwa kwenye magunia kabla hayajakauka. Ila msivisahau ardhini kiangazi kikiwa kikali. Tuta likipasuka, fukusi hupitia kwenye ufa, na kiazi alichokitoboa kinakuwa kichungu, hakiliki. Mkiona ufa, ufukieni kwa udongo siku hiyohiyo.

Kinachosumbua hasa ni kupata marando. Kuanzia Juni hadi Agosti huku kwetu, wilaya ya Isingiro, jua linayamaliza, na mvua zikirudi kila kikundi kinatafuta mbegu kwa wakati mmoja. Tengeni kitalu kidogo kivulini mwa migomba, karibu na mahali pa kuteka maji, na mtu mmoja awe na zamu ya kumwagilia hata kama shamba lote limelala. Wiki za mwanzo, kabla kiazi hakijawa kitu, pandeni dodo pembeni (sisi Wakongomani tunaita lengalenga), maana huchumwa mapema na watu wanaona faida.

Muhogo ni mzuri kuliko vyote kwa kusubiri njaa, lakini unakaa ardhini karibu mwaka au zaidi, na shamba lenu ni la kuazima. Shamba likishasafishwa visiki, mwenye shamba hulikumbuka haraka. Andikianeni mbele ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji), muhuri upigwe, misimu itajwe. Bila karatasi hiyo msichomeke hata kijiti kimoja cha muhogo.

Sasa hili la watu wa kujitolea wapewe kitu au wasipewe. Mimi nasema wapewe, na isemwe wazi kabla ya kupanda. Mgao wa chakula ulipunguzwa hadi asilimia 70 ya kawaida Aprili 2020, ukashuka hadi 60 Februari 2021. Mwaka 2023 tukapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na Mei 2025 WFP (Shirika la Chakula Duniani) ikatangaza kwamba karibu watu milioni moja wanaondolewa. Wanaokuja salongo (kazi ya pamoja) Jumamosi asubuhi, wengi ni walewale walioondolewa kwa kuwa wana nguvu za kushika jembe. Unamwambiaje mama kama huyo kwamba viazi alivyopalilia ni vya "wahitaji"? Kwetu kila aliyefika siku ya kuvuna anaondoka na beseni lake, na uji unapikwa palepale shambani. Vinavyobaki ndivyo vya walio kwenye orodha ya wahitaji.

Orodha hiyo msimwachie mtu mmoja, hata awe mchungaji. Wakalisheni akina mama wa kila mtaa pamoja, wao wanajua jiko gani halijawaka tangu juzi. Msipange foleni uwanjani; mpelekeeni mtu nyumbani kwake jioni, kwenye mfuko wa kawaida. Na wageni wenye kamera wapige picha matuta, wasipige wanaopokea. Tulishagombana na watu kwa hilo na bado sijabadili msimamo.

Mkiwa na usafiri wa kufika huku mwanzoni mwa Oktoba, njooni na magunia matupu, tutawakatia marando. Mje na mtu anayejua kuchagua, ayaache yote yenye majani yaliyojikunja au kudumaa, hata kama yanaonekana mengi.