Kwa mnaoanza kusoma kuibuka kwa Unazi: mtafuteni aliyekubali

Wadogo zangu mnaoingia Kidato cha Tano na tahasusi yenye Historia, mada ya udikteta Ulaya itawafikia, na wengi wenu mtaikuta imefundishwa kama hadithi ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Nimeifundisha na kusahihisha insha zake kwa miaka mingi. Insha dhaifu karibu zote zina pengo lilelile: zinaanza na Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, na aya inayofuata Hitler tayari yuko madarakani, 1933. Hapo katikati imerukwa miaka 14, na jibu la swali limo humo.

Anzeni na uchaguzi wa Mei 1928. Chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12 bungeni. Wakati huo Mkataba wa Versailles ulikuwa na umri wa karibu miaka tisa. Kifungu cha 231, kilichoitwisha Ujerumani lawama ya vita, kilichukiwa vilevile. Fidia ilikuwa inalipwa. Mfumuko wa bei wa 1923, ambapo dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2, haujasahaulika na yeyote aliyepoteza akiba yake. Pamoja na yote hayo, Wajerumani hawakumtaka Hitler, kiongozi wa chama hicho. Basi ukiandika kwamba Versailles ndiyo iliyomleta Hitler, jiandae kueleza kwa nini haikumleta mwaka huo.

Kilichogeuza mambo ni mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Chansela, yaani kiongozi wa serikali, Heinrich Brüning alibana matumizi, akapunguza mishahara na posho, na kwa kuwa hakuwa na wabunge wa kutosha nyuma yake, akatawala kwa amri za Rais Hindenburg chini ya kifungu cha 48 cha katiba. Hapa msipite haraka. Kutawala bila bunge kulianza kuwa jambo la kawaida 1930, Hitler akiwa hajashika ofisi yoyote ya serikali. Watu wakazoea. Septemba mwaka huohuo Manazi walipata viti 107. Julai 1932 walipata asilimia 37.3 na viti 230, wakawa chama kikubwa kuliko vyote.

Msikimbilie kusema waliompa kura ni wale waliokosa kazi. Vibarua wa mijini walioachishwa kazi walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Nguvu ya Manazi ilikuwa kwa wakulima, wenye maduka madogo, mafundi na watumishi wa ofisini, hasa kwenye maeneo ya Waprotestanti: watu ambao bado walikuwa na kitu na waliogopa kukipoteza. Wakatoliki wengi walibaki na chama chao, Zentrum.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulitaja kwa sentensi moja, ilhali ndilo kiini. Novemba 1932 chama cha Nazi kilishuka hadi asilimia 33.1 na kupoteza viti 34. Kilikuwa kinapungua nguvu na kinadaiwa. Aliyekiokoa hakuwa mpiga kura. Franz von Papen, chansela wa zamani, na wenzake wa tabaka la juu walimshawishi Hindenburg amteue Hitler kuwa chansela tarehe 30 Januari 1933. Katika baraza lile Manazi walikuwa watatu tu, yeye mwenyewe akiwemo, na Papen aliamini watamtumia na kumdhibiti.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawataka wajiulize swali moja katika kila hatua: hapa nani angeweza kukataa, na alipata nini kwa kukubali? Swali hilo linafanya kazi hata mambo yanapokwenda mbio. Tarehe 27 Februari jengo la bunge liliungua. Kesho yake Hindenburg alisaini amri iliyofuta uhuru wa kusema, kukusanyika na kutokamatwa ovyo. Uchaguzi wa 5 Machi ulifanyika vijana wa SA, kikosi cha mgambo cha Manazi, wakitisha watu mitaani, na bado chama kiliambulia asilimia 43.9. Tarehe 23 Machi bunge lilipitisha sheria ya kuiachia serikali itunge sheria peke yake, kura 444 kwa 94. Wale 94 wote walikuwa wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, na Otto Wels alisimama kuwasemea huku ukumbi umejaa SA. Wakomunisti walikuwa gerezani, mafichoni au uhamishoni. Zentrum walikubali baada ya kuahidiwa kwamba haki za Kanisa zitalindwa. Mei vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, Julai kikabaki chama kimoja, na Agosti 1934 jeshi likala kiapo kwa Hitler binafsi. Majenerali nao walikuwa wamepata chao: wiki chache nyuma, viongozi wa SA, washindani wao, walikuwa wameuawa.

Kwenye athari kwa jamii, orodha ya "watu waliteswa, watu waliuawa" haitoshi. Onyesheni mfumo ulivyoingia nyumbani. Polisi wa siri, Gestapo, hawakuwa na mtu kila mtaa. Walitegemea sana taarifa za raia wenyewe, mara nyingi chuki za majirani, za kazini, hata za ndoa. Wanawake walihimizwa waache kazi ili wapate mkopo wa ndoa, na robo ya deni ilifutwa kila mtoto alipozaliwa. Kuhusu ajira, kuweni makini. Ni kweli idadi ya wasio na kazi ilishuka sana, lakini wanawake na Wayahudi waliofukuzwa kazi hawakuhesabiwa, vijana waliingizwa jeshini kuanzia 1935, viwanda vikatengeneza silaha, na mgomo ulipigwa marufuku.

Wayahudi hawakufika hata asilimia moja ya watu wa nchi. Waliondolewa hatua kwa hatua, na kila hatua ilimwachia mtu fulani nafasi: Aprili 1933 kazi za serikali, 1935 uraia kamili, Novemba 1938 maduka na masinagogi, baadaye nyumba na samani zilizopigwa mnada kwa majirani. Mwisho wake ni Wayahudi milioni sita waliouawa kote Ulaya.

Na msidhani habari hii haikutugusa. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 alihamia Berlin, akafanya kazi ya uhudumu na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Alikamatwa 1941 kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe, akafa katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Wekeni jina lake kwenye insha zenu, anastahili.

Zoezi ninalowapa ni kuchagua kundi moja na kulifuata tangu 1930 hadi 1945. Anzeni na madaktari. Karibu nusu yao walijiunga na chama, wakashiriki kuwafunga uzazi watu wapatao 400,000 kwa sheria ya Julai 1933, kisha kuanzia 1939 wakaidhinisha kuuawa kwa wagonjwa na walemavu. Agosti 1941 Askofu Clemens von Galen wa Münster aliyakemea mauaji hayo hadharani kanisani, nakala za mahubiri zikasambaa nchi nzima, na mwezi huohuo Hitler akaamuru mpango huo usimamishwe rasmi. Mauaji yaliendelea kwa siri hospitalini, na askofu hakuguswa. Miezi miwili baadaye treni za kuwahamisha Wayahudi zilianza kuondoka Berlin. Tafuteni ni nani aliyepanda mimbari safari hiyo.