Sindano ya cherehani inavuta nyuzi

Swali: Nashona mabuibui hapa Wete. Sindano inavuta nyuzi na kuruka mishono. Naweza kuinoa kwa msasa?

Jibu: Ipitishe ncha juu ya ukucha, ikikwaruza, imeharibika. Msasa laini, namba 1000 kwenda juu, huondoa kutu kidogo: zungusha sindano ukiivuta kuelekea nchani, mara chache tu, usiguse tundu. Kisha iviringishe juu ya kioo. Ncha ikiyumba, sindano imepinda, na hapo msasa haufai kitu. Itupe, isije ikagonga chuma cha chini ikavunjika. Kwa kweli sindano mpya ni rahisi kuliko buibui lililotoboka. Badilisha kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Kitambaa laini kipe sindano nyembamba, saizi 70/10 au 75/11. Kwa chumvi ya hewa yetu, hifadhi sindano zako ndani ya kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, na uzifute kabla ya kushona.