Mama mwembamba, anashinda shambani, presha 168/98. Inawezekana?

Mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia, nikaona nisipite kimya. Kwa anayeingia sasa: mama yake ana miaka 61, anaishi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, huko migombani, analima mwenyewe, ana kilo 52. Siku ya upimaji wa bure baada ya ibada akaandikiwa 168/98, wakati 140/90 kwenda juu ndiyo tunaita presha. Mjomba wake, yule mwenye kitambi, akatoka na 124/78. Ukoo ukakaa ukaamua kwamba mashine ni mbovu, maana presha ni ugonjwa wa wanene wa mjini.

Mimi ni nesi, nimekaa zahanati za vijijini miaka mingi, sehemu kubwa mkoa huo huo wa Kilimanjaro. Mashine inaweza kuwa mbovu kweli, nitafika huko. Ila sababu waliyoitoa ndugu zako siyo.

Wazee nao hawakulitoa hilo hewani. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, alichapisha vipimo vya watu wapatao 1,000 wa Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya. Presha ya kupanda hakuikuta, na kwa watu wa makamo kwenda juu namba zilikuwa zinashuka badala ya kupanda. Miaka ya 1980 watafiti wengine wakawafuatilia Wajaluo waliokuwa wanahama kijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Miezi michache tu baada ya kuhama presha za wahamiaji zilikuwa zimeshapanda kuwazidi wenzao, uzito umeanza kuongezeka, na kwenye mkojo wao kulikuwa na sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Maana yake chumvi imezidi, na ndizi, viazi na mboga za majani zimepungua. Kwa hiyo zamani kijiji kilikuwa kinga kweli.

Lakini hicho kijiji mnachokisema hakipo tena. Hai hiyo hiyo ilipimwa miaka ya 1990 pamoja na Ilala ya Dar es Salaam. Ukisawazisha umri, Ilala ilizidi, sawa, lakini Hai nako zaidi ya robo ya watu wazima walikuwa na presha. Kilichonishtua mimi ni kingine: kati ya wenye presha, waliokuwa wanajijua hawakufika 20%, na ambao imedhibitiwa hawakufika hata 1%. Baadaye wakapimwa wazee wa Hai wa miaka 70 na kuendelea, karibu 7 kati ya 10 walikuwa nayo. Wazee wangapi wa migombani ni wanene? Wewe ni mtu wa huko, unajua jibu.

Mishipa inakakamaa kadiri umri unavyokwenda, uwe na kilo 50 au 90. Kuna ya kurithi. Kuna figo ambayo imeanza kuchoka bila mtu kujua. Kuna pombe, na mbege ya kila jioni ni pombe hata kama ni ya nyumbani. Halafu kuna tabia yetu sisi wahudumu: mama mnene akiingia mlangoni, mkanda wa presha unamsubiri. Mwembamba akija na kikohozi anaandikiwa dawa ya kikohozi anaondoka. Ndiyo maana ukiuliza kijijini utaambiwa wenye presha ni wanene, kwa sababu ndio wanaopimwa. Wembamba tunakuja kuwajua wakiletwa wamebebwa, mdomo umekwenda upande mmoja.

Sasa nisieleweke vibaya, uzito una kazi yake na ni kubwa. Mwili ukiongezeka moyo unasukuma damu zaidi, na mafuta ya tumboni yanaifanya figo ishikilie chumvi na maji. Mtu mnene akipunguza kilo moja, kwa wastani namba ya juu ya presha, ile inayoandikwa kwanza, inashuka kama alama moja. Kilo 8 zinakaribia kazi ya kidonge kimoja. Hesabu ya kujua kama uzito wa mtu umezidi ni rahisi: chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 52 na urefu wa mita 1.58 anapata kama 20.8, na kawaida ni 18.5 mpaka chini ya 25. Kwa hiyo kumwambia mama yako apunguze mwili, kama alivyoshauri mchangiaji mmoja hapo juu, ni kumkosesha nguvu ya kulima bure.

Wanene wapo kijijini, na wanaongezeka. Utafiti mkubwa wa dunia uliotoka 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ongezeko la uzito duniani tangu 1985 limetokea vijijini, ingawa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa tofauti kidogo, kwao mjini bado kulikuwa kunaongoza. Mimi nimeyaona kwa macho. Bodaboda inamchukua mama mlangoni mpaka sokoni, mashine ya kusaga iko jirani, mafuta ya kupima yanauzwa hata ya mia tano. Na kuna Desemba. Watu wa Kilimanjaro mnajua, watoto wote wanapanda nyumbani na ndoo za mafuta, sukari, mchele na kreti za soda, kila siku kuna mnyama anachinjwa. Januari bibi anakuja kliniki na daftari lake: Oktoba 142, Novemba 138, Januari 164. Dawa ni ile ile, na anaapa hajaruka hata siku moja. Ukimpandisha kwenye mizani, jibu linakuja lenyewe.

Kumwambia mtu wa huko apungue ni kazi. Akipungua anaulizwa kama anaumwa, na wengine wananong'ona kabisa kwamba "ameathirika". Akinenepa wanasema kanawiri, watoto wanamtunza. Wapo mabinti wanaonunua vidonge vya kunenepesha kwa siri, na vingi vina dawa za jamii ya deksamethasone, ambazo zenyewe zinapandisha presha na sukari. Hilo linataka uzi wake.

Turudi kwa mama. Ningekuwa mimi, kabla ya kumfikiria dawa ningeingia jikoni kwake, na kitu cha kwanza kukitafuta ni chumvi. Atakwambia "mimi chumvi mbichi siijui kabisa," na ni kweli, mezani haongezi. Imani imeenea kwamba chumvi ikishaiva kwenye sufuria haina madhara. Hakuna kitu kama hicho. Moto hauondoi sodiamu, chumvi ni ile ile. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imehesabiwa ya mkate, ya dagaa waliokaushwa na ya vile vidonge vya kuungia mchuzi. Pima hivi: nyumba ya watu watano, pakiti ya nusu kilo inatakiwa ikae siku 20 au zaidi. Kwenye nyumba nyingi nilizouliza inaisha ndani ya wiki mbili, hata chini, na hapo kuku na ng'ombe hawajahusika. Usisahau magadi. Huko kwenu yanaingia kwenye kiburu (ndizi na maharage), maharage, mboga za majani, na magadi yamejaa sodiamu. Hakuna anayeyataja ukimuuliza chumvi, kwa sababu kwake siyo chumvi.

Cha pili, mwombe afungue pindo la khanga. Sikutanii. Nilikuwa na mama mmoja namba zake hazishuki, tumeongeza dawa, wapi. Siku moja anatafuta nauli akafungua pindo, pamoja na noti zikadondoka diklofenaki za dukani, vile vidonge vya maumivu. Mgongo na magoti, anapalilia mwaka mzima, anameza mbili kila asubuhi kabla ya kushika jembe. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha, zinaharibu figo, na zinapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Tulipomhamishia kwenye paracetamol, ndani ya mwezi namba zikaanza kusikia. Mkulima mwembamba mwenye presha ngumu, mimi naanzia hapo.

Kuhusu mashine. Upimaji wa kanisani una kelele, watu wamepanda mlima kwa miguu, foleni ndefu, mtu anakaa tu anafungwa mkanda huku anasalimiana. Namba hiyo ni ya kukutahadharisha, ya kumwanzishia mtu dawa siyo, isipokuwa iwe 180/110 kwenda juu au ana dalili. Apimwe upya siku mbili tatu tofauti. Awe amekaa dakika tano kimya, amekojoa, hajanywa kahawa nusu saa iliyopita, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na siyo juu ya sweta. Ikirudi 140/90 au zaidi siku hizo zote, anayo, basi. Na sikia hili kuhusu mkanda: ukiwa mdogo kwa mkono mnene namba inapanda kwa uongo, ukiwa mkubwa kwa mkono mwembamba inashuka kwa uongo. Kwa hiyo kama kulikuwa na mkanda mmoja kwa watu wote, inawezekana mama yako alipunjwa. Mjomba, ambaye angeongezewa, bado alipata 124. Presha yake iko sawa kwa sasa, apime sukari na apunguze kitambi, asitumie namba hiyo kuwacheka wenzake.

Akithibitika, apimwe mkojo kuangalia protini, apimwe sukari, na kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) kama maabara ipo, kisha aanze dawa. Mara nyingi ataanzishiwa amlodipine au hydrochlorothiazide, au zote. Asidhani kapewa za bei rahisi kwa sababu ni wa kijijini. Jaribio la dawa za presha linaloitwa CREOLE, lililochapishwa 2019, lililofanyika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipine iliwashusha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Amlodipine inaweza kumvimbisha vifundo vya miguu, aseme abadilishiwe, asiache kimya kimya. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea: anameza mwezi mmoja, kichwa hakiumi, anasema kapona. Mwingine anaogopa "nitaizoea". Kingine ni dawa kuisha dirishani, mtu anarudishwa mikono mitupu wiki mbili. Wewe uliye mjini mtumie za akiba za mwezi mmoja, jina na miligramu zile zile zilizoandikwa kwenye daftari lake. Itamsaidia kuliko kreti ya soda. Kitunguu saumu na mlonge ale kama chakula, sina ugomvi, ila visikae nafasi ya kidonge.

Akipata kichwa kikali kisicho cha kawaida, macho kuona ukungu, kifua kubana, mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu au maneno kuvurugika, hapo ni hospitali ya wilaya saa hiyo hiyo, msipitie kwa mtu.

Ukipata namba za siku tatu ziweke hapa, na umuulize anameza nini kwa ajili ya mgongo. Wa Hai mliomo humu, kama mna zahanati inayopima vizuri karibu na huko mwelekezeni.