Pima Chakula Kabla ya Kupima Figo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayechunguza dawa ya mitishamba inayosemekana kusaidia wagonjwa wa figo. Alianza kwa "Shikamoo Daktari", kisha akanieleza kwamba panya wake wadogo (wale waitwao "mice" kwa Kiingereza, si watoto wa panya) wanakonda na kufa huku chakula kikiwa kimejaa vizimbani, ilhali makala aliyoifuata inasema kwamba kemikali ya adenini, ikichanganywa katika chakula kwa asilimia 0.75, huleta ugonjwa sugu wa figo katika wiki nne bila vifo vya kutisha. Nilipomwomba anitumie makala hiyo, nikakuta inahusu panya wakubwa ("rats") wa aina ya Wistar. Nilimjibu kwa simu, lakini jambo lenyewe linawahusu wengi mnaonisoma, ambao najua mnataka kuchapisha kama nilivyotaka mimi, na kwa kuwa makala yetu ya majaribio kama hayo imekubaliwa na jarida mwezi huu baada ya kuzungushwa sana, naona nina haki ya kulizungumza kwa kirefu.

Zamani aliyetaka panya mwenye ugonjwa sugu wa figo alilazimika kutumia kisu: figo moja huondolewa nzima, na theluthi mbili za figo ya pili huondolewa au huharibiwa, hadi ibaki sehemu moja kati ya sita ya uwezo wa awali. Njia hiyo ingali inatumika, lakini inahitaji mkono uliozoea, ganzi nzuri, na ustahimilivu wa kupoteza baadhi ya wanyama mezani. Katika miaka ya 1980 Takako Yokozawa na wenzake kule Toyama, Japani, walionyesha kwamba kuchanganya adenini katika chakula cha panya kunatosha kuzichosha figo hadi urea na kreatinini, taka ambazo figo nzima huzitoa, zipande kwenye damu. Kwa maabara zetu, ambazo mara nyingi hazina chumba cha upasuaji wa wanyama, njia hiyo ilikuwa neema.

Adenini yenyewe si sumu ngeni; imo katika chembe zote za mwili. Kwa kawaida mwili huirejesha kazini kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho APRT. Inapoletwa kwa wingi kupita uwezo wa kimeng'enya hicho, hushikwa na kingine, ksanthini dihidrojenasi, na kugeuzwa kuwa dihidroksiadenini, ambayo karibu haiyeyuki katika mkojo. Hapo fuwele hujengeka ndani ya mirija ya figo, mirija huziba, uvimbe unafuata, na mwishowe makovu huchukua nafasi ya tishu hai. Ukimpasua panya wa namna hiyo huhitaji hadubini kujua kuna jambo: figo zimevimba, zimepauka kama nyama iliyochemshwa, na uso wake una chembechembe. Ukizitazama kwa hadubini chini ya mwanga uliopolaishwa, yaani uliochujwa utikisike upande mmoja tu, fuwele zinang'aa kwa namna ambayo hutaisahau. Wapo pia binadamu wachache wanaozaliwa wakiwa na upungufu wa APRT, nao hupata fuwele zilezile. Dawa yao ni alopurinoli, inayozuia kile kimeng'enya cha pili. Shikeni hilo la alopurinoli, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoanguka. Chukua panya mkubwa mwenye gramu 300 anayekula gramu 20 kwa siku. Ukimpa chakula chenye adenini ya asilimia 0.75, anameza miligramu 150 za adenini kila siku, yaani miligramu 500 kwa kilo ya uzito wake. Akipunguza kula hadi gramu 10, dozi imepungua nusu, wala hakuna mtu aliyeibadilisha. Panya anayeugua figo hupoteza hamu ya kula, kwa hiyo dozi yenyewe inayumba kadiri ugonjwa unavyoendelea. Asiyepima chakula kinacholiwa hajui alitoa dozi gani, na asiyejua dozi anafanya kazi ya kubahatisha hata kama takwimu zake zimepangwa vizuri.

Balaa kubwa zaidi linakuja pale unapojaribu dawa. Mitishamba mingi ni michungu. Panya anayenyweshwa dawa chungu, au dawa inayomsumbua tumbo, hula kidogo. Akila kidogo anameza adenini kidogo. Akimeza adenini kidogo figo zake zinapona, au tuseme haziugui sana. Mwisho wa majaribio kreatinini ya kundi la dawa iko chini, mtafiti anashangilia, na kumbe dawa yake haikufanya lolote isipokuwa kumnyima panya hamu ya chakula. Vivyo hivyo, dawa inayozuia ksanthini dihidrojenasi kama alopurinoli itawakinga panya hawa kwa sababu fuwele hazitengenezwi, jambo ambalo halimsaidii mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu ambaye figo zake hazikuharibiwa na fuwele. Na dawa yenye nyuzinyuzi nyingi inaweza kuishika adenini tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Kabla hujatangaza kwamba umepata kinga ya figo, lazima uwe na jibu kwa yote matatu.

Nilipoanza mradi wetu nilikuwa nikipima chakula kila asubuhi, kile kilichowekwa na kile kilichobaki. Tatizo la panya wadogo ni kwamba huchimba punje za chakula na kuzisaga bila kuzila, kwa hiyo unga unaanguka kwenye maranda na ukitazama kikapu cha chakula unadhani wamekula. Nilinunua chekeche la unga sokoni, nikawa nachekecha maranda ya kila kizimba, napima unga uliodondoka na kuutoa kwenye hesabu. Kazi hiyo inachosha mgongo na kuwasha pua. Wenzangu wakaniita mama lishe wa panya, na mkubwa mmoja wa idara, ambaye simtaji, alisema mbele ya wanafunzi wangu kwamba mtafiti aliyesoma hawezi kushinda anachekecha takataka. Baadaye mkubwa huyohuyo alifuta kwenye bajeti lile kundi la panya wasiopewa adenini bali wanaopewa kiasi kilekile cha chakula wanachokula wagonjwa, akisema ni kupoteza wanyama. Niliwanunua panya hao kwa fedha zangu, baada ya kuipelekea kamati ya maadili barua ya kueleza kwa nini wanahitajika.

Basi mhakiki wa jarida alipouliza, katika swali lake la kwanza kabisa, kama nafuu tuliyoiona inatokana na dawa au na wanyama kula kidogo, nilimjibu kwa daftari la mama lishe. Panya wa dawa walikula sawasawa na panya wagonjwa wasiopewa dawa. Wale wa kulishwa kwa kipimo walikonda bila figo zao kuharibika. Mhakiki aliridhika. Sitaficha kwamba nilipeleka nakala ya barua ile ya kukubaliwa hadi mlangoni kwa yule mkubwa, na sijutii.

Kwa wanaotumia panya wadogo: dozi ya panya wakubwa ni hukumu ya kifo kwao. Kiwango kinachotumika sana ni karibu asilimia 0.2, na hata hapo panya wadogo huichukia ladha ya adenini, ndiyo maana baadhi ya watafiti huichanganya katika chakula cha kaseini, protini ya maziwa, kinachoificha. Badreldin Ali na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Muscat, wamefanya kazi nzuri ya kuwalinganisha panya wakubwa na wadogo katika njia hii, wakijaribu gundi ya mgunga, ileile inayotumiwa tangu zamani na wagonjwa wa figo kule Sudan. Wapo pia wanaoacha kabisa chakula na kuinywesha adenini kwa mrija hadi tumboni. Dozi inajulikana, lakini mnyama anashikwa kila siku, na mkono usiozoea humuumiza koo. Tena chagueni jinsia moja na kuitaja, kwa sababu madume huugua zaidi kuliko majike.

Chakula cha msingi nacho kinahitaji macho. Wengi wetu tunasaga mahindi, dagaa na mashudu, tunachanganya adenini kwa mkono, tunakanda kwa maji na kukausha. Mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu wa pwani yanaweza kuwa na sumukuvu, na miongoni mwa sumu za kuvu imo okratoksini, ambayo hushambulia figo zenyewe. Kundi lako linganishi linaweza kuwa linaugua nawe hujui. Hata bila sumu, chanzo cha protini peke yake kinatosha kubadilisha majibu. Panya wa Dahl, ambao shinikizo lao hupanda wakilishwa chumvi, wamechunguzwa kwa miaka mingi huko Milwaukee, Marekani, na imeonekana kwamba kwa chumvi ileile, wanaokula chakula cha kaseini huharibika figo zaidi kuliko wanaokula chakula cha nafaka. Kwa hiyo msimpe panya mgonjwa chakula kilichoagizwa nje na yule mzima pumba za dukani, halafu mkailaumu adenini kwa kila tofauti. Makosa hayohayo huonekana katika majaribio ya mafuta mengi, ambako panya wa asilimia 60 ya nishati kutoka kwenye mafuta hulinganishwa na panya wa chakula cha kawaida, kana kwamba mafuta ndiyo tofauti pekee.

Ndugu zangu, utafiti haujengwi na mashine za gharama. Unajengwa na mtu anayekubali kufanya kazi isiyopigiwa makofi. Pimeni chakula. Pimeni maji pia, kwa sababu panya wa adenini hunywa na kukojoa kupita kiasi, maranda yao yanalowa kabla ya adhuhuri, na chupa ikikauka usiku mmoja urea hupanda kwa kiu badala ya ugonjwa. Pimeni uzito. Kisha rudieni kupima chakula.

Kuhusu kreatinini nitasema machache. Njia ya Jaffe, ambayo maabara nyingi za hospitali bado huitumia, husoma vitu vingine katika damu ya panya wadogo na kutoa namba za juu kuliko ukweli. Ombeni njia ya kimeng'enya, na msitegemee damu peke yake bila kukata figo na kutazama makovu kwa rangi ya Masson au ya Sirius nyekundu.

Kwa mwanafunzi wangu aliyeuliza: wale panya waliobaki usiwape tena chakula hicho. Aliyepoteza asilimia 20 ya uzito wake atolewe kwenye majaribio kwa utaratibu ulioidhinishwa na kamati yenu, na vifo viandikwe vyote kwenye ripoti, usivifiche. Wengine warudishiwe chakula cha kawaida, lakini usiwatumie katika awamu mpya, kwa sababu figo zilizoonja adenini hupata nafuu kiasi bila kurudi zilivyokuwa. Anza upya na kundi dogo la majaribio ya awali kwa asilimia 0.2, madume watupu, chakula kimoja kwa makundi yote, na ujaribu kwanza kama dawa yako inawakatisha hamu ya kula panya wazima. Hilo la mwisho unaweza kulianza kesho, halihitaji adenini hata chembe, ingawa kamati ni lazima iarifiwe.